Siku Tuliyoingia kwa Jina la Wabuyi

Mwanangu wa kwanza alipotaka kuoa, binti aliyemtaka alikuwa akikaa Whitehall, pale Columbus, na wazazi wake na bibi yake mzaa baba. Binti mwenyewe nilimpenda tangu siku alipokuja kwetu Louisville kwenye ubatizo. Aliingia jikoni bila kuitwa, akanipokonya mwiko, akasonga ugali wa ukumbi mzima huku wenzake wakipigana picha. Nikasema moyoni, huyu simwachi. Basi tukafanya kama desturi inavyotaka, hatukwenda wenyewe, tukatuma mshenga.

Mshenga wetu alikuwa mzee wa kanisa hapa mtaani kwetu Iroquois, Mbembe kwa kabila, rafiki wa marehemu mume wangu tangu tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Kule kambini sisi Wabuyi tulikuwa kabila la watu wa kuhesabika, na ukoo wa mzee huyu ulitukumbatia. Wao walituzikia, wao walitugawia chumvi, na mtu akiuliza sisi ni akina nani, walimjibu, "Hawa ni wetu," na maswali yakaisha. Hatukupinga. Ukiwa wachache, hukatai paa kwa sababu halina jina lako.

Mzee akafika Whitehall, akakaribishwa soda. Baba wa binti akamuuliza kijana ni wa kabila gani na ukoo gani. Mzee, kwa moyo mweupe na mazoea ya miaka, akajibu kwamba ni Mbembe, wa ukoo wake yeye mwenyewe. Akautaja. Kumbe ndio ukoo wa baba wa binti.

"Donc, basi, mumekuja kuoa dada yenu," baba akasema, akaagiza soda zirudi kwenye friji.

Asiyejua mambo yetu atacheka. Lakini kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mmoja kazaliwa Kentucky na mwingine Ohio na hawajawahi kula sahani moja. Mzee alirudi amenyong'onyea. Akapiga simu kueleza kwamba kwa kweli sisi ni Wabuyi, na hapo ndipo alipotia maji kwenye mafuta ya moto. Baba wa binti alimjibu, "Jana Babembe, leo Babuyi. Na kesho mutakuwa nani, Bachina?"

Jambo la kuudhi ni kwamba hakuwa mbali na ukweli. Mwanangu alipotafuta jina letu kwenye simu, lilimletea Wabuyi wa Uchina, wanawake wazuri waliovaa nguo za rangi ya nili, milimani. Niliwatazama sana. Sikuona shangazi yangu hata mmoja. Kazini kwangu, kwenye ghala la maboksi, kuna Mkasai, mtu wa mkoa mwingine wa kwetu, ambaye tangu aliposikia kwamba mimi ni Mbuyi huniuliza pacha mwenzangu nimemwacha wapi, maana kwao hilo ni jina la pacha anayetangulia. Ndiyo shida ya jina dogo, kila mtu ana mahali pa kuliweka isipokuwa pako.

Mwishowe baba wa binti alitupa nafasi moja. Tumlete mtu wa damu ya kijana aeleze asili yetu mbele ya mama yake mzazi, yule bibi, aliyezaliwa na kukulia kulekule tulikotoka. Bibi akitutambua, tutazungumza. Asipotutambua, kijana amwache binti yake, na asimpigie simu tena. Mwanangu aliniambia habari hiyo akiwa ameshika mlango wa friji, na hakuufunga mpaka nilipomwambia.

Mtu wa damu alikuwa mmoja tu. Wanaume wa upande wa marehemu wote walikwisha kutangulia, na mimi mama wa kijana sina kauli siku ya posa. Aliyebaki ni shangazi wa kijana, wifi yangu, anayekaa East Side, Buffalo, na kutunza wazee kwenye nyumba zao. Sasa, wifi ni wifi. Huyu wangu tangu tulipomzika kaka yake tulikuwa tunasalimiana Krismasi tu, naye hata Krismasi hunikumbusha kwamba pilau yangu ina maji. Nilipanda gari la mwanangu nikiwa nimejiandaa kumeza kila atakachosema.

Tulimkuta akisukuma theluji na koleo mbele ya nyumba. Hakuliweka chini.

"Munanikumbuka tu siku munakosa mwanamuke," akasema.

"Ndiyo, wifi," nikajibu. Nilimeza, ikapita.

Njia nzima kuelekea Columbus tulibishana juu ya asili yetu. Wifi alishikilia kwamba jina tulirithi kwa babu mmoja mwindaji, aliyetuongoza kutoka upande wa machweo, kwenye mto mkubwa, tukipita msituni mpaka karibu na ziwa. Mimi nililelewa na babu aliyesema jina hilo tulibandikwa na majirani, na kwamba sisi hatukutoka popote, tulikuwapo wengine wakaja. Wifi akasema babu yangu alipenda kubishana kuliko kula. Nikasema hilo ni kweli, lakini halimfanyi mwongo.

"So which one is true?" mwanangu akauliza, macho barabarani.

"Zote," wifi akamjibu. "Weye ulizaliwa mara moja, lakini miye na mama yako tukihadisia ile siku, utafikiri ulizaliwa mara mbili."

Kule Whitehall mshenga alikuwa ametangulia, anatungoja kwenye ngazi za ghorofa. Baba wa binti alifungua mlango, akatusimamisha palepale, viti tunaviona. Ndani, kwenye kochi, alikaa bibi, blanketi magotini na sahani ya nyama juu ya blanketi. Hakutuangalia.

Wifi akaanza. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alitaja mto, msitu, babu mwindaji, mwanawe, na mwana wa mwanawe, jina baada ya jina bila kukwama, mpaka akafika kwa mume wangu na kwa kijana aliyesimama pale na tai yake. Niliposikia jina la mume wangu likitajwa kwenye mlango wa watu, nilitaka kulia, nikajizuia.

"Bon, sawa," baba wa binti akasema. "Ni hadisi muzuri. Hata miye naweza kutunga moja."

Bibi aliendelea kutafuna. Nikaona mwanangu anaangalia viatu vyake. Nilijua kwamba tumeshindwa.

Wifi hakujua. Alimpita baba wa binti begani, na mabuti yake ya theluji juu ya zulia la watu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi. Akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani ya bibi, akakitia mdomoni.

"Haina chumvi," akasema. "Nyiye muko tu vile vile, hata kupika bado hamujajifunza."

Mshenga alijifunika uso. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Lakini bibi alimdaka wifi mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwizi weye," bibi akasema. "Babu yako alifika kwetu uchi. Ni siye tulimupa ngozi ya kujifunika."

"Ile ngozi ilikuwa na chawa. Mupaka leo tuko tunajikuna."

Bibi akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka blanketi likaanguka, na wifi akampigapiga mgongo huku akimwita mchawi mzee. Alipopata pumzi, bibi alimgeukia mwanawe kwa hasira ya kweli.

"Juu ya nini hamukunambia ni batani yangu? Baba yangu alipokufa, bamama ya Babuyi bakaja, bakabeba sufuria zetu, na moja akalala ndani ya kaburi, akakataa kutoka mupaka tukamupa kuku. Nilimuona na macho yangu."

Baba wa binti alikuwa amekwisha kuelewa. Nilimwona anavyoshusha mabega. Mtu hataniani hivyo na kabila lake. Huwezi kulala kwenye kaburi la baba yako mwenyewe ukadai kuku. Utani wa namna ile ni wa makabila mawili yaliyokutana zamani, yakapigana au yakasaidiana, yakakubali kutukanana bila kununiana. Mama yake, kwa kicheko tu, alikuwa ametutoa kwa Wabembe, ukoo wa mwanawe ukiwamo, na kuturudisha kwetu.

Alikuwa mtu wa haki, namsifu. Hakutafuta neno la kujiokoa. Alituomba sote tutoke nje, wifi pamoja na mabuti yake, akafunga mlango. Tukasimama kwenye baridi. Mshenga akabisha.

"Nani?"

Mzee yule, aliyetuita "wetu" kwa mapenzi miaka yote, alivuta pumzi. "Ni Babuyi."

"Babuyi, karibuni mukae."

Tangu kambini sikuwahi kukaribishwa nyumba yoyote kwa jina hilo. Niliingia nikilia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Ikabaki hatua ya mwisho. Binti aliletwa kutoka chumbani, amevaa kitenge, akasimama katikati yetu. Baba yake akamuuliza kama desturi inavyotaka, "Hawa batu, unabajua?"

Mabinti wengi hapo huinamisha kichwa tu. Huyu aliangalia mwanangu, akaniangalia mimi, akainua sauti mpaka ikafika jikoni.

"Nabajua, papa. Ni Babuyi, na miye naenda kwabo."

Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari, na pumzi iliponiishia, wifi akanipokea.