Udongo wa Kona ya Betri

Wifi yangu, mke wa kaka, alipopata mimba alianza kutamani udongo, kama wanawake wengi wa kwetu. Kazi ya kumletea nikapewa mimi, na sikuipenda, kwa sababu tangu aolewe kutoka Kalamba wimbo wa mama ulikuwa kumsifu yeye tu.

Udongo unaoliwa huchimbwa juu ya mto, kwenye ukingo mweupe, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Mimi niliishia kwenye kona ya mto iliyo karibu, chini ya pale mafundi wa Mwingi walipokuwa wakipasua betri kuukuu za malori na kumwaga maji yake mchangani. Tope la hapo lilikuwa la kijivu, laini. Nililianika juani, nikamvunjia vipande. Acha ale uchafu, nilijiambia, nikacheka.

"Hii ni tamu, wifi," akasema. "Usiniletee ingine."

Basi sikumletea ingine. Alikula tope la kona hadi akajifungua, na akaendelea kulila akinyonyesha.

Mtoto alifika miaka miwili hatembei, hatamki neno. Mama, ambaye huongoza maombi ya akina mama kanisani, akatoa hukumu jikoni: "Kwetu hatuna watoto wa hivyo. Hiyo ametoka nayo kwao." Kaka akajipakulia ugali. Hajawahi kumpinga mama hata kwa habari ya chumvi kwenye mboga.

Mwaka huohuo watu wa afya walipima tope la mto, wakaita baraza. Walisema kona ile imejaa risasi, yale madini ya ndani ya betri, na kwamba humharibu mtoto akili tangu tumboni. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama. Neno moja lingetosha. Nililimeza, kwa kuwa niliogopa kuchukiwa kuliko nilivyompenda mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata wifi alifukuzwa. Akifunga nguo zake, akaniomba udongo kidogo wa safari. Nilitembea saa nzima hadi juu, kwa mara ya kwanza, nikamchimbia ule mweupe.

Nilimkuta amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, kichwa kimelala upande. Akauma kipande, akatafuna polepole, akanirudishia mfuko.

"Umetoa wapi hii, wifi? Si ile yangu."