Kardinali Aliyelala na Mtumishi Wake

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Patron wangu, Mwitaliano mzee mwenye duka la picha kule Kensington, mtaa wa hapa Jozi, alinipa kiti mbele ya picha moja. "Kaa hapo. Ukicheka, niite."

Nikakaa mpaka saa ya chai. Ilikuwa picha ya kardinali, yaani mkubwa wa kanisa la kwao, wale wanaovaa nyekundu. Kalala kitini baada ya kula, mdomo wazi, kuku kabaki mifupa. Nyuma yake mtumishi anamalizia divai ya bosi kimyakimya.

"Mbona hucheki?" patron akauliza.

"Namwonea huruma, patron."

"Nani, kardinali?"

"Hapana, huyu wa nyuma. Wakimkamata atalala wapi?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka Lubumbashi juzi tu, sina pa kulala.

Hapo ndipo aliponiajiri kweli. Alinieleza kwamba wachoraji wa kwao walichoka na wakubwa, na kuwatukana hadharani ilikuwa hatari, kwa hiyo waliwachora mezani, na matajiri wakanunua wakacheka. Sisi tulinakili. Kwanza unavuta turubai, kile kitambaa kizito, kwenye mbao mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Unapaka nyeupe ya msingi. Unapiga miraba kwa chaki, unahamisha picha mraba kwa mraba. Mwisho vanishi, ing'ae. Kwetu Lubumbashi tulichora pia, treni, mamba muntu yule mwanamke wa majini, ila tuliandika maneno chini ili mtu asikosee. Patron alikataza. "Atakayekosea, akosee."

Alipofunga duka nikahamia Randburg, kwa meneja mmoja wa duka la samani, mama aliyetaka picha za paka tu. Paka, paka, mpaka nikachoka nikaondoka. Nikapeleka makardinali wangu Fordsburg, mtaa wenye Waislamu wengi. Kule hawakutaka ile divai, wakanunua fremu tupu. Eish. Basi nikawa nachora nyumbani.

Ndipo Mchungaji wa kanisa letu la Wakongo alipokuja kupanga harusi ya binti yangu Neema. Wakwe, watu wa Bukavu, walikubali kwa sharti moja: afungishe yeye, si mwingine. Akaiona picha ukutani.

"Baba Neema, hii ndiyo baraka. Mtu wa Mungu ameshiba, amepumzika, ana mtumishi. Nichoree, uso uwe wangu. Wakwe zako wataiona ofisini siku ya harusi."

Nilianza, nikafuta, nikaanza tena. Nilitoka nikatembea hadi robot, zile taa za njia panda, nikarudi bila kununua kitu. Wakwe wakimcheka, atakataa kufungisha. Nikikataa kumchora, vilevile. Mwisho nikamfuata ofisini.

"Mchungaji, ile picha ni ya kumcheka kardinali. Ni mlafi. Ukiingia wewe, watakucheka wewe."

"Neema anajua umekuja?"

"Hajui."

Akageuza kiti, akanipa mgongo. Nikaona harusi inavunjika. Kisha akasema, bado kanipa mgongo, "Nilipofika Jozi nilikuwa weita. Nilikunywa mabaki ya wateja, Baba Neema. Jikoni, nimesimama." Akageuza kiti tena, akanitazama. "Uso wangu uweke kwa mtumishi."

"Glasi niitoe? Waumini watasema."

"Ukiitoa, watacheka bado?"

"Hawatacheka."

"Basi iache."

Siku ya harusi nilikuwa nje ya ofisi nikasikia baba mkwe anacheka, kicheko kikubwa. Nikachungulia. Mchungaji kasimama katikati yao, kidole kwenye picha. "Huyu ni mimi, mzee. Huyu wa nyuma." Baba mkwe akampiga bega. Kisha Mchungaji akavaa koti lake, akaenda kuwafungisha watoto. Mimi sikukaa kitini mpaka pete ilipoingia kidoleni.

Sasa mkono unatetemeka, kazi nimeacha. Wajukuu nawaambia haya, wananijibu Kiingereza. Situlii hata hivyo, naamka, nazunguka nyumba natafuta brashi nilizokwishagawa. Maana baada ya harusi ile wachungaji wengine walikuja, kila mmoja anataka uso wake uwemo. Nilikuwa nawaeleza picha yote, sifichi kitu, kisha nawauliza, yupi kati ya hawa wawili? Karibu wote walinionyesha aliyelala. Nikawachorea, nikijua watachekwa.