Uzito Hauonwi, Hupimwa

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na mtaa mzima tunamwita Nyutoni. Tumwiteje tena mtu asiyeweza kununua nyama bila kutoa somo? "Kilo ni tungamo," humwambia muuza nyama. "Uzito hupimwa kwa nyutoni. Ukienda mwezini uzito wako utapungua, tungamo litabaki lile lile." Muuza nyama humjibu, "Tungamo limeisha tangu asubuhi, mwalimu. Labda nikupe maini."

Tangu mkewe afariki, anaishi peke yake. Baraza letu ni moja, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na kiti chake upande ule. Watu wamechoka kusahihishwa, wakimwona wanavuka barabara. Mimi nitakimbilia wapi? Ndani kwake kimya kimejaa, anasema, hata kijiko kikianguka anashukuru.

Binti yake wa pekee alikuwa akimpigia kila Jumapili. Masikio ya mzee hayasikii vizuri, kwa hiyo simu huiweka sauti ya juu, nasi wengine tunasikia tupende tusipende. Jumapili moja binti akasema, "Baba, kuna jambo. Naona uzito kukuambia."

Mzee akachangamka kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Mwanangu, uzito hauonwi, hupimwa." Akaenda naye mpaka mwezini na kurudi. Jamani, mtoto kaja na lake moyoni, wewe unampa mtihani. Binti akacheka kidogo, akasema, "Haya baba, tutaongea siku nyingine."

Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala ile iliyokuja baada yake. Mzee alikaa nayo mapajani, akiigeuzageuza. Nilimwonea huruma, nami nilikuwa nimemkasirikia.

"Alitaka kusema nini?" akaniuliza.

"Mimi nitajuaje? Mpigie. Kuuliza si ujinga."

Akapiga. "Siku ile ulikuwa na neno," alimwambia bintiye. "Leo sisahihishi kitu. Sema."

"Lishapita, baba. Tulitaka uje ukae kwetu, chumba kilikuwa kitupu. Lakini mtu mzima una nyumba yako, nikwambieje uhamie kwa mkweo? Sasa amekuja kukaa mama mkwe wangu."

Mzee akaisogeza simu karibu na mdomo. Kisha akasema taratibu, "Ungesema tu, mama."

"Nilianza, baba."