Kumtuliza Mwalimu Mbele ya Sanduku la Picha

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hawezi kutulia. Anayumba mbele, nyuma, mbele, nyuma, hata anapokula wali. Miaka ya kusomesha ndiyo imemfanya hivyo. Nasi tunayumba naye. Ukitupita barazani utadhani tuko ndani ya mtumbwi.

Siku moja fundi wa picha, mtu wa Unguja, alishuka Lualaba kutoka Kasongo. Vioo vyake vya kunasia picha vilikuwa vimevunjika njiani, kimebaki kimoja. Mwalimu akamwomba hicho hicho, akirudi kwao ampelekee mama picha yake. Watu wa msafara walimwambia mama yake Mwalimu, huko Unguja, kwamba mwanawe alifia Manyema. Salamu anazotuma, mama hazisadiki tena.

Fundi akasimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu.

"Kaeni kama siku zote, ila msitikisike mpaka nirudishe kifuniko cha jicho la sanduku. Atakayetikisika atatoka kama moshi."

Tukajaribu kwanza bila kioo. Sisi tulikauka kama samaki wa sokoni. Mwalimu, mbele, nyuma.

"Mwalimu, tulia."

"Nimetulia."

"Unayumba, Mwalimu!" tukapiga kelele wote.

"Nani? Mimi?"

Fundi akamwegemeza kwenye nguzo. Nguzo ikaanza kulia.

"Tumufunge kamba, kama mbuzi wa Idi," nikasema.

Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Mama atapokea moshi," alisema polepole. "Atasema hii njo roho yangu, kweli nilikufa."

Nikaona haya kidogo, na mimi si mtu wa haya. Hapo nikakumbuka: kitu kimoja tu humsimamisha Mwalimu, nacho ni kosa. Ukikosea hasemi neno. Anainua kidole, anakukazia macho, anangoja ulione mwenyewe.

Nikamnong'oneza fundi: "Tia kioo. Nikinyamaza, funua."

"Nani fundi hapa?"

"Ni wewe. Lakini mimi njo ninakosea kila siku."

Nikapaza sauti: "Alifu, be, te, jimu!" Nikanyamaza.

Kidole kikapanda. Mwalimu akaganda. Kifuniko kikatoka. Nzi akatembea juu ya mdomo wangu, nami nikamtazama Mwalimu kama mutoto ambaye hajapata kuisikia hiyo herufi tangu azaliwe. Mwishowe kifuniko kikarudi.

"The!" nikapiga kelele. "Nimeiruka the, Mwalimu!"

Fundi akaingia na dawa zake katika hema lake la giza, akatoka na kioo kinachotiririka maji, akakiweka juu ya kitambaa cheusi. Uso wa Mwalimu ulikuwa pale, hata mikunjo ya paji.

"Nimekasirika mno," akasema. "Mama atafikiri ninapiga watoto."

"Unatupiga."

Akacheka. Kisha akainama karibu na kioo.

"Haya macho ni ya mama," akasema. "Hivi hivi alinitazama nilipovunja mtungi." Akamgeukia fundi. "Umupe mkononi mwake mwenyewe. Atanijua."