Sketi ya Nyanya Mai

Harufu ya nta ya nyuki ilinipokea mlangoni kila alasiri, na nyuma yake harufu nzito zaidi, ya nili, rangi ya buluu ya mimea, iliyovundikwa kwenye ndoo bafuni. Nilikuwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya tisini, na tuliishi kwenye fleti mjini Hyattsville, ughaibuni. Mama alitunza wazee majumbani mwa watu, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwa jirani yetu, Nyanya Mai, mwanamke wa Kihmong aliyekimbia vita Laos. Alichovya kalamu ya shaba kwenye nta ya moto, akachora mistari myembamba juu ya kitambaa cheupe bila kupima wala kufuta. Palipopita nta, rangi haingeshika. Pangebaki peupe, kwingine kote kuwe buluu. Binti yake, Anti Pa, alinieleza kwamba ile ilikuwa sketi ya kuzikiwa. "Asipoivaa, waliomtangulia hawatamjua," alisema. "Watamwona mgeni tu."

Shuleni msichana mmoja aliziba pua nilipoketi karibu naye, na wengine wakacheka. Siku hiyo nilirudi na hasira, nikamkuta meneja wa jengo kwenye ngazi akiuliza harufu inatoka wapi. Hakuniuliza mara mbili; nilimwonyesha mlango wa Nyanya Mai. Kesho yake wafanyakazi wake waliimwaga nili yote chooni. Nyanya Mai aliegemea ukuta, mikono yake ya buluu ikining'inia. Nili mpya ilihitaji wiki kadhaa, na kabla haijaiva, moyo wake ulisimama.

Mama ndiye aliyemsaidia Anti Pa kumvika. Nami nilikuwepo, maana hapakuwa tena na wa kuniachia. Nilisikia nta ikipasuka kila walipokunja kitambaa. Sketi ilikuwa nyeupe, mistari yake haionekani mpaka uisogelee.

"Mama Njeri, watamjua kweli?" Anti Pa aliuliza.

Mama, mtu wa kanisa asiyekosa jibu, alifunga kamba ya kiunoni, akanyoosha mikunjo ya sketi.

Sasa nimefikia umri wa Anti Pa wa siku zile. Mwaka jana tulikutana dukani Bladensburg. Binti yake anajifunza kuchora kwa nta kwa kutazama video za watu asiowajua, kwa kuwa Anti Pa mwenyewe hakuwahi kujifunza. Kila siku alikuwa kazini. "Lakini wewe ulikaa naye," aliniambia, akinishika mkono. "Alianzia wapi, katikati au pembeni?" Nilijaribu sana kukumbuka, nikashindwa. Nilimwambia hivyo, na ni hilo tu nililomwambia; la meneja kwenye ngazi sikulitaja.