Kwa Nini Nilitaka Apatimenti

Mume wangu alipotangaza kwamba mwaka ule tungekwenda likizo Maskati, watoto walipiga kelele hadi mama mkwe akatoka chumbani na tasbihi mkononi kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nachambua mchele ukumbini. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa tayari najiuliza tutalala wapi.

Swali hilo lilikuwa na sababu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa kwa shida. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto mkubwa, na alipotoka nilijua kuna kitu ndani yangu kimelegea. Nikicheka, mkojo ulitoka. Nikipiga chafya, ulitoka. Usingizini ndiyo sikuwa na habari kabisa. Niliamka nimelowa kama mtoto mchanga. Nilingoja nipone. Mtoto akatambaa, akatembea, akaanza shule, na mimi bado nalowa.

Nyumbani kwetu Utemini, mjini Singida, nilikuwa na mbinu zangu. Upande wangu wa kitanda, chini ya shuka, nilitandika kipande cha mpira na khanga kuukuu juu yake. Mume wangu akitoka alfajiri kwenda msikitini, mimi nakusanya vyote, nafua uani, naanika. Upepo wa Singida haukawii. Watoto wanapokunywa chai, shuka limeshakauka. Majirani walinisifu. "Yule mke wa mwenye mashine ya alizeti ni msafi," walisema, "kila siku anaanika shuka." Mama mkwe naye alinisifu mbele ya wageni wake, nami niliinamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Swala nilisali peke yangu chumbani, kwa sababu udhu haukukaa, na niliogopa kusimama bega kwa bega na mwanamke mwenye pua nzima.

Mimi ni Mnyiramba wa upande wa Shelui. Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu kulikuwa na mama mmoja mwenye shida hiyo hiyo. Mumewe alimrudisha kwao. Msibani alikaa peke yake, upande ambao upepo ulipeleka harufu mbali na watu, na hakuna aliyemwambia akae huko, alishajua mwenyewe. Nilipoanza kulowa, ni yeye niliyemwona kila nilipofumba macho.

Kazi ya kutafuta malazi ilipewa binti yetu mkubwa, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha sita na hakubanduka kwenye simu. Jioni moja baada ya chakula alituonyesha alichopata. Kulikuwa na hoteli yenye bwawa la kuogelea na meza ndefu ya vyakula vya asubuhi. Kulikuwa pia na apatimenti ghorofani, vyumba viwili, jiko, na sebule yenye makochi ya kijivu. Wavulana wetu wawili walitaka bwawa. Mimi niliomba simu, nikapekua picha za ile apatimenti moja baada ya nyingine, nikitafuta kitu kimoja tu. Nikakiona kwenye kona ya jiko: mashine ya kufulia.

"Hii ndiyo nzuri," nikasema.

"Ina uzuri gani, mama?" binti akauliza. "Haina hata bwawa."

"Ina jiko. Tutajipikia."

Mume wangu alinitazama. "Mama watoto, unapanda ndege kwenda kupika?"

"Watoto hawawezi kula vyakula vya watu wiki nzima."

"Mimi naweza," akasema yule mdogo, na kaka yake akamuunga mkono.

Nikasema apatimenti ina nafasi. Nikasema nitabeba unga wangu. Nikasema hotelini watu wanapitapita, mtu huwezi kukaa na dera lako kwa raha. Mama mkwe, ambaye hakuwa anasafiri kwa sababu ya miguu, alikaa upande wa mwanawe. Yeye ni mtu wa Tanga, na maneno yake hutoka polepole kama anayamimina. "Mkwe wangu, nenda ukatumikiwe. Hapa hujachoka?"

Nilipoishiwa sababu, nikasema jambo la kijinga kuliko yote. "Nyama za hotelini huwezi kujua zimechinjwaje."

Binti akaangua kicheko. "Mama! Ni Maskati! Waislamu watupu!" Wote wakacheka. Mama mkwe alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nami nikacheka, ningefanyaje, na kwa sababu nilicheka, nikalowa. Nilibaki palepale kwenye kochi hadi wote walipotawanyika, nikijifanya nasikiliza taarifa ya habari.

Mume wangu si mtu wa kung'ang'ania. Mambo ya nyumba huniachia mimi, yeye na mashine yake ya kukamua alizeti. Lakini safari hii alikataa katakata. "Hoteli," alisema kesho yake asubuhi, na kabla ya jioni alikuwa ameshalipia vyumba viwili, chetu na cha watoto. Nilishangaa, kisha nikakasirika. Nikaanza kulalamika mgongo. Nikasema labda mwende nyinyi, mimi nibaki na mama.

Binti alinifuata jikoni. "Mama, kwani tumekukosea nini?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwakani nitakuwa chuoni. Hii ndiyo mara ya mwisho tunasafiri wote pamoja."

Nikamwambia nitakwenda.

Ule mpira wangu niliukunja ndani ya dera, nikauweka chini kabisa ya begi. Asubuhi ya kuondoka nikawaza maafisa wa uwanja wa ndege wakifungua begi mbele ya wanangu na kuukunjua mezani. Nikautoa, nikauacha nyumbani. Njiani sikunywa maji. Tulipotua, midomo yangu ilikuwa imepasuka, na binti aliniuliza kama naumwa.

Chumba kilikuwa kizuri mno. Shuka nyeupe zilikuwa zimevutwa hadi kitanda kikawa kama hakijawahi kulaliwa na mtu. Nilikaa kwenye kiti nikakitazama. Baadaye nilikunja taulo kubwa la kuogea, nikalitandika upande wangu, nikamwambia mume wangu kwamba mgongo unataka kitu kigumu. Akasema sawa.

Asubuhi taulo halikuwa limetosha. Mume wangu na wavulana walikwenda msikitini, wakaunganisha na chai. Mimi nilitoa shuka, nikalifua bafuni kwa sabuni ya nywele ya vile vichupa vidogo, nikalitundika kwenye fimbo ya pazia. Godoro nililikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, nimepiga magoti. Kisha nikatundika mlangoni kile kibao cha kuzuia watu wasiingie. Kesho yake hivyo hivyo. Wenzangu walirudi wakisimulia mayai na mikate na matunda wasiyoyajua majina, nami nikasema sina hamu, nikala biskuti nilizonunua njiani. Nilikuwa nimevuka bahari ili kulinda mlango.

Nilijifariji kwa jambo moja: kwamba watu wa pale hawanijui, na lugha yangu hawaijui. Hata wakiona, watasema kwa lugha yao na mimi sitasikia.

Siku ya tatu asubuhi mlango ukagongwa. Nilifungua kidogo tu. Alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa baibui, kitambulisho kifuani, na nyuma yake msichana wa usafi na kigari cha mashuka.

"Asalaam alaykum, dada," alisema. "Chumba hiki hakijasafishwa tangu mlipofika. Pana tatizo?"

Kiswahili kile, cha polepole kama cha mama mkwe wangu, kilinitoa jasho. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Maskati kuna watu wengi ambao wazee wao walikaa Unguja.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Tunapumzika tu."

"Basi nipe mashuka machafu, nikupe safi."

"Haya yaliyopo ni safi."

Alinitazama bila ubaya wowote. Mimi nilikuwa nimeushika mlango kwa mikono miwili. Nyuma yake lifti ikafunguka, mume wangu akatoka, peke yake. Wavulana alikuwa amewaacha bwawani na dada yao. Akatuona. Sikuhitaji kumweleza kitu, alielewa palepale, na kuelewa kwake kwa haraka ndiko kulikonishtua.

"Waache waingie, mama watoto."

"Hapana."

"Waache." Akanishika kiwiko, akanisogeza taratibu kama anavyomsogeza mama yake akimpitisha mlangoni.

Wakaingia. Yule msimamizi aliliona shuka bafuni likichuruzika. Aliliona godoro. Akamwambia msichana neno moja, na msichana akachukua kwenye kigari mashuka mapya na kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Hiki ndicho alichoagiza bwana," msimamizi aliniambia. "Siku mliyofika tulichelewa kukitandika. Tangu hapo kila siku twakileta, twakuta kibao mlangoni." Wakatandika, wakachukua la bafuni, wakaondoka. Wakati wote huo nilikuwa nimesimama dirishani nimewapa mgongo, natazama vilima vya mawe matupu.

Mlango ulipofungwa nilimuuliza mume wangu, "Uliagiza lini?"

"Kabla hatujatoka nyumbani. Niliwapigia simu."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia mke wangu ana shida ya mkojo."

Neno lile halikuwahi kutamkwa kati yetu. Alilitamka kama anavyotaja mafuta au mashudu, na mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu huyu mdogo hajaota meno."

"Ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Na wewe ulinyamaza." Akakaa ukingoni mwa kitanda kipya. "Niliogopa nikisema utahamia chumba cha watoto. Nakujua."

Ni kweli, ningehamia.

"Apatimenti ungefua," akaendelea. "Nilikuona ukipekua zile picha, nikajua unatafuta mashine. Nikasema hapana, angalau wiki moja tu asiamke kufua. Wafue wengine, watu ambao hatutawaona tena."

Ningependa kusimulia kwamba nilimshukuru. Sikumshukuru. Niliingia bafuni, nikafunga, nikakaa sakafuni. Nilizipitia alfajiri zote nilizonyata uani, nikijiona mjanja, kumbe mume wangu alikuwa akichelewa msikitini makusudi ili nimalize. Nilikumbuka mara zote alizofungua dirisha la chumba akisema kuna joto. Nilikumbuka alivyolala karibu nami hata hivyo. Nilipokuwa naficha, aibu ilikuwa yangu peke yangu, naibeba nipendavyo. Sasa ilikuwa imeketi chumbani pamoja nasi, na mwanamke wa Kimaskati alikuwa ameibeba kwenye kigari. Mume wangu aligonga mlango, akasema watoto wanataka kwenda sokoni. Nilimjibu atangulie nao.

Siku zilizobaki mashuka yalibadilishwa kila asubuhi. Nilianza kushuka kunywa chai na wenzangu, nikakaa na miguu ndani ya maji ya bwawa wavulana wakinirushia matone, na binti akanipiga picha ambayo bado iko ukutani kwetu, natabasamu. Lakini kila nilipomwona yule msimamizi nilipita upande mwingine. Siku ya kuondoka alinikuta mapokezi, sikuwa na pa kukimbilia.

"Kwenu Tanzania ni upande gani?" akaniuliza.

"Singida."

"Ndiko wapi huko?"

"Bara. Katikati."

"Mama yangu huenda apajua," akasema, akatutakia safari njema. Nilimjibu nikitazama viatu vyake. Sidhani kama alikuwa na habari tena na shuka langu. Katika hoteli kama ile anaona mengi. Hata hivyo sikuweza kumsamehe kwa kujua.

Tuliporudi, mume wangu alisema twende hospitali. Nilisema nitakwenda mwenyewe, na nikaacha miezi ikapita. Mwishowe alinipeleka yeye. Daktari alikuwa binti mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu, na aliniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyasema kwa sauti. "Mama, hii inatibika," alisema. "Kwa nini umekaa nayo muda wote huu?" Alinifundisha mazoezi ya kukaza misuli ya ndani, na baadaye nilifanyiwa operesheni Dodoma. Siku nyingi sasa naamka mkavu. Nikikohoa sana bado naponyokwa, na nimerudi kuswali na wanawake wenzangu, ingawa nasimama mwisho wa safu.

Binti yangu sijamwambia, na wala mama mkwe. Nilidhani baada ya kutibiwa ningeweza kulisema jambo hili kama watu wanavyosema habari za meno. Siku moja nimekaa kwenye benchi la kliniki na mume wangu, nangoja kuonwa baada ya operesheni, akaja mama mmoja wa Sepuka ambaye hutuletea alizeti kila msimu. Alifurahi kutuona. Akasalimia, akakaa, akanishika mkono.

"Pole, dada yangu. Nini kinakusumbua?"

Mume wangu aligeuka kunitazama. Wanawake wote pale kwenye benchi walikuwa na shida kama yangu au inayofanana nayo, na yule mama mwenyewe alikuwa amekalia khanga iliyokunjwa mara kadhaa.

"Presha," nikasema.

"Hata mimi," akajibu, na tukaanza kuzungumza habari za mvua.