Bundi Kwenye Mti wa Ghafu

Nimewacheka sana watu wanaoogopa bundi. Ndege anayekula panya, amkosee nani? Nyumbani Mwanza niliwahi kugombana na shangazi yangu kwa ajili hiyo, na hata Dubai, kwenye chumba chetu cha Al Rigga, niliwahubiria wenzangu mpaka wakajifunika blanketi ili ninyamaze.

Asubuhi hiyo mama wa rafiki yangu alikuwa anapasuliwa uvimbe tumboni, Dar es Salaam. Rafiki yangu huyo ni mtu wa Tanga, tunalala chumba kimoja na tunasafisha vyumba hoteli moja. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameahidi kutuma ujumbe mama akitoka. Tulikuwa na mapumziko sote wawili, na kumtazama akiikodolea macho ile simu kutwa nzima nisingeweza, ningeipigiza ukutani.

"Yalla, vaa sweta," nikamwambia. "Twende msituni tukaangalie ndege."

"Ndege watanisaidia nini miye?"

"Watakufanya utazame juu."

Baridi ilikuwa ndiyo inaanza, na ndege waliokimbia theluji huko kaskazini walikuwa wameshafika. Basi lilitushusha kwenye bustani moja ya msitu nje kidogo ya mji, yenye miti ya ghafu inayofanana na migunga ya kwetu. Darubini ilikuwa moja, yangu, ya mtumba kutoka soko la Deira, na jicho lake la kushoto lina ukungu. Nikamwonyesha shore wenye mashavu meupe, kisha hudihudi akidonoa nyasini na kishungi chake kichwani. Alitabasamu, halafu akaangalia simu. Kila ndege, simu. Nilianza kuichukia.

Nikawa natafuta kasuku kwenye ghafu moja kubwa. Nikaona kama kipande cha gome kimeegemea tawi. Kipande kikafumbua jicho.

Moyo ulinirukaruka kwa furaha, maana bundi wa aina ile nilikuwa nimemtafuta miaka. Papo hapo nikakumbuka nimekuja na nani. Nikashusha darubini taratibu.

"Hamna kitu hapa. Twende kule."

Uso wangu haujui kudanganya. Alininyang'anya darubini, akatazama, akaishusha.

"Bundi," akasema. "Bundi mchana kweupe. Na leo!"

"Shoga, amelala tu. Ndipo anapolala."

"Wajua mama yangu yuko kwenye kisu, wanileta kwa bundi? Umenileta nije nimzike?"

Nilitaka kumpa mahubiri yangu yote. Badala yake nikamkodolea macho yule bundi. Nilikuwa naogopa, na nilikasirika kwamba naogopa.

Ndipo simu ikaita.

Haukuwa ujumbe, ilikuwa inaita. Kupiga simu ya moja kwa moja kutoka nyumbani ni ghali, kwa hiyo watu wetu huandika. Wanapiga pale tu penye jambo ambalo haliandikiki. Mwenzetu mmoja chumbani alipigiwa hivyo akiwa anapiga pasi, na siku hiyohiyo tulimfungia mabegi akazike. Tulilijua hilo sote wawili, tumesimama pale chini ya mti.

"Pokea wewe," akasema, akachuchumaa na kuziba masikio.

Nikapokea. Kelele za korido ya hospitali, mtu anahema, kimya.

"Sema!" nikapiga kelele. "Sema basi!"

"Shikamoo dada," ilikuwa sauti ya yule mdogo wake. "Samahani, nimepiga hivihivi, bando la intaneti limeniishia. Mama ametoka salama. Amefumbua macho, anaulizia uji."

Nilimtukana. Nilimtukana yule kijana kwa sauti, katikati ya msitu, hadi familia iliyokuwa ikichoma nyama ng'ambo ikageuka kututazama. Kisha nikamwinamia rafiki yangu nikamwambia, mama anataka uji. Alinikumbatia miguu, akalia na kucheka kwa pamoja.

Halafu akaniachia miguu. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kulia.

"Hilo la nini?"

Nilikuwa nimeshika jiwe, kubwa kama yai. Sikumbuki nililiokota saa ngapi, ila nilijua nilitaka kumpiga nani. Nilikuwa nimelikaza kiasi kwamba ilibidi anifumbue kidole kimoja kimoja, na nilipoliona likianguka machozi yalinitoka mimi.

Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, akaweka darubini machoni, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hajaondoka," akasema. "Anakuangalia wewe."